Pete ya Nuru na Ngoma za Bujora: Uhakiki wa Lugha ya Sayansi

Lugha hupimwa kwa kazi inayoweza kuifanya. Kiswahili kimekwisha kupimwa katika ushairi, katika sheria, katika siasa na katika habari za magazeti, na kila mara kimeonekana kuwa na nguvu ya kutosha. Mtihani uliosalia ni ule wa utafiti wa sayansi, ambapo haitoshi kutaja kitu kwa jina tu, bali yapasa kueleza jinsi kinavyofanya kazi na kwa nini kinafanya hivyo. Makala haya yanachukua mtambo mmoja kuwa kipimo cha lugha hiyo. Mtambo wenyewe ni leza ambayo nuru yake huzunguka ndani ya uzi wa kioo, na kuzidishwa katika kila mzunguko na kipande kidogo cha madini kinachotiwa umeme. Madhumuni ni kuhakiki maneno ambayo Kiswahili hutumia, au huelekea kutumia, kwa mtambo wa namna hii, na kuonyesha kwamba mfano mmoja ulioko Kisesa, katika nchi ya Wasukuma, waweza kufanya kazi ambayo orodha ya istilahi peke yake haiwezi kuifanya.

Yafaa kwanza ikumbukwe kwamba kazi ya kukuza Kiswahili na kazi ya kuiongoza nuru ndani ya kioo zilikua katika miaka ile ile. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Kutoka kwake kikazaliwa Chuo cha Uchunguzi wa Kiswahili huko Dar es Salaam mwaka 1964, na Baraza la Kiswahili la Taifa likafuata mwaka 1967. Kwa upande wa pili, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza huko Marekani mwaka 1960. Mwaka 1962 zikapatikana leza za madini yanayotiwa umeme, na mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham, waliokuwa wakifanya kazi Uingereza, wakatoa hoja kwamba uzi wa kioo kilichotakaswa ungeweza kuchukua habari kwa nuru. Siku hizo vioo vilikuwa vichafu mno. Lengo walilolitaja lilikuwa kwamba, baada ya nuru kusafiri kilomita 1, angalau fungu 1 katika 100 libaki. Lengo hilo lilifikiwa mwaka 1970. Siku hizi uzi mzuri hubakiza fungu hilo hilo 1 katika 100 baada ya kilomita 100. Ukubwa wa maendeleo hayo waweza kusemwa hivyo, kwa hesabu ya mafungu, na msomaji wa Kiswahili akaelewa bila ya kusumbuliwa na kipimo cha kigeni.

Mwaka 2009 waya wa chini ya bahari wenye nyuzi hizo ulifika Dar es Salaam, na ujenzi wa njia ya nchi kavu ukaanza mwaka huo huo. Ndio mwaka ambao Kao alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Njia hiyo ya nchi kavu ikaitwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, na waya wa baharini nao ukaitwa mkongo. Neno hilo limeshinda kwa matumizi, wala hapana faida ya kulipinga sasa. Lakini mhakiki hana budi kuuliza linamwonyesha nini msikilizaji. Katika kamusi mkongo ni mti wenye mbao nzuri, na Mkongo ni mtu wa Kongo. Hapana hata silabi moja inayodokeza uzi, wala kioo, wala nuru. Watu wengi wanalijua jina la kitu hicho, nao hawajui kwamba ndani yake mna kioo chembamba karibu na unywele. Jina limefika kabla ya maarifa, na hili ndilo tatizo la lugha ya sayansi kwa jumla.

Ili tatizo hilo lionekane wazi, na ichukuliwe sentensi moja ya namna ambayo mfasiri mwenye bidii huweza kuiandika: "Leza ya pete ya ufumwele yenye kikuza mwanga cha nusukipitishi ni chanzo cha mwanga kinachorekebishika chenye upana finyu wa mstari." Sentensi hii haina kosa la sarufi. Kila neno lake laweza kutetewa. Hata hivyo hapana mtu atakayeielewa ila yule aliyekwisha kuielewa kwa Kiingereza, na mtu huyo hakuwa na haja nayo. Yafaa maneno yake yatazamwe moja moja.

Neno la kwanza la kuhakikiwa ni mwanga. Vitabu vya shule hulitumia, na nuru huachiwa washairi na watu wa dini. Maneno yote mawili, kwa desturi ya lugha, hutaja kitu kinachowezesha jicho kuona. Lakini nuru inayosafiri katika nyuzi za mawasiliano, na katika pete nyingi za aina hii, ina urefu wa wimbi wa karibu nanomita 1550, nayo iko mbali kupita wekundu wa mwisho ambao jicho la mwanadamu laweza kuuona. Ni nuru isiyoonekana. Hapa kosa la lugha laweza kuwa dhara la mwili. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba katika uzi huo mna mwanga ataelekea kuchungulia ncha yake apate kujua kama mtambo umewashwa. Asipoona kitu, atadhani umezimwa, naye amekwisha kuliweka jicho lake mbele ya leza. Kwa hiyo neno lolote litakalochaguliwa, sifa ya kutoonekana haina budi kufuatana nalo tangu mara ya kwanza linapotajwa.

Neno la pili ni kikuza. Kiswahili kina kioo cha kukuzia, ambacho kila mtoto wa shule anakifahamu. Kioo hicho hufanya sura ya kitu ionekane kubwa, lakini hakiongezi nuru hata kidogo. Mtambo unaohusika hapa hufanya kinyume chake: hauikuzi sura yoyote, bali huongeza wingi wa nuru, kwa kuwa kila chembe ya nuru inayopita huamsha nyingine iliyo pacha wake, yenye rangi ile ile na mwendo ule ule. Kazi hiyo kwa Kiswahili ni kuzidisha. Kizidishi ni neno bora, kwa sababu linabeba hesabu ndani yake: moja huwa mbili, mbili huwa nne. Anayesema kikuza amempeleka mwanafunzi kwenye lenzi, na itakuwa kazi kubwa kumrudisha.

Neno la tatu, nusukipitishi, lina kosa la kurithi. Msikilizaji hufikiri kwamba kitu hicho hupitisha nusu ya umeme na kuzuia nusu. Ukweli ni kwamba sifa yake kubwa ni utii: upitishaji wake waweza kuongezwa au kupunguzwa kwa kuchanganya kiasi kidogo cha kitu kingine, kwa joto, kwa nuru au kwa umeme. Kosa hilo limo katika Kiingereza pia, na Kiswahili kimelipokea pamoja na mzigo wake wote. Istilahi yenyewe haina haja ya kufutwa, kwa kuwa imekwisha kukaa. Bali mwandishi mwema ataifafanua mara moja, asiiache ijifafanue vibaya yenyewe.

Pete ni neno zuri, lakini linataja umbo. Katika maabara uzi wa mtambo huu hukunjwa na kuviringwa kwa namna yoyote inayofaa, na umbo lake halina maana. Kinachohitajiwa ni kwamba mwisho wake uungwe na mwanzo wake. Basi pete na iwe jina la mtambo, na mzunguko uwe jina la safari ya nuru. Maneno haya mawili yasichanganywe. Ama "upana finyu wa mstari", huo ni mfano wa maneno yasiyosema kitu. Msomaji atafikiri habari za rula na kalamu, ambapo mwandishi alitaka kusema kwamba nuru inayotoka ni ya rangi moja karibu kabisa.

Baada ya lawama hizo, haki yataka sentensi ya pili iwekwe mbele ya msomaji: "Nuru isiyoonekana hupitishwa katika uzi wa kioo ambao mwisho wake umeungwa na mwanzo wake; katika kila mzunguko hupita ndani ya kipande cha madini kinachoizidisha kwa nguvu ya umeme, kisha hupita katika kichujio kinachoruhusu rangi moja, na sehemu yake hutolewa nje kwa matumizi." Sentensi hii ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini inaendelea kama mtambo unavyoendelea, na mtu asiyejua neno la Kiingereza aweza kuchora picha ya kitu kinachosemwa.

Pana jambo moja ambalo Kiswahili hulisema vizuri bila ya msaada wa mtu, nalo ni sharti la leza kuwaka. Kila mzunguko nuru hupoteza sehemu yake: katika maungio, katika kichujio, na pale inapotolewa nje. Kila mzunguko pia huongezewa na kizidishi. Wafanya biashara wa pwani na wa bara wamekuwa na maneno mawili kwa habari hii tangu zamani, yaani faida na hasara. Faida ya mzunguko inapozidi hasara yake, nuru ndogo iliyoanza kwa bahati hukua. Inapokua, hupunguza akiba ya kizidishi, mpaka faida na hasara zikalingana, na hapo leza hudumu. Mwanafunzi aliyepata kukaa dukani mwa baba yake ameielewa nusu ya nadharia kabla ya kufungua kitabu.

Si kila mfano wa nyumbani ufaao. Katika pete huwekwa kifaa kinachoruhusu nuru kwenda upande mmoja na kuizuia isirudi. Kwa watu wa Ziwa mfano wa upesi ni mgono wa kuvulia samaki, ambao mdomo wake humruhusu samaki kuingia na kumkataza kutoka. Mfano huu unavutia, nao ni mbaya. Samaki wa mgono amefungwa, ambapo nuru hupita kifaa hicho na kuendelea na safari yake. Faida ya kifaa ni kwamba nuru haikutani na nyingine inayorudi. Kwa hiyo katika kizidishi hapatokei mahali panapotumika sana na mahali panapoachwa, kama inavyotokea katika leza ya vioo viwili ambamo nuru huenda na kurudi. Njia ya gari za upande mmoja ingekuwa mfano mwaminifu zaidi, ijapokuwa haina ladha ya Ziwa. Mhakiki akipenda ladha kuliko ukweli, amekosa kazi yake.

Hata hivyo upo mfano wa nyumbani wenye ladha na ukweli pamoja, nao wapatikana Kisesa. Mji huo mdogo uko wilaya ya Magu, mashariki ya Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma. Hapo pana Bujora, ambapo Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianzisha makumbusho ya Wasukuma. Kila mwaka, majira ya mwezi wa Juni, huchezwa hapo ngoma za sikukuu ya Bulabo, na vyama viwili vya ngoma vya tangu karne ya 19, Bagalu na Bagika, hushindana. Desturi ya mashindano ya Wasukuma ni hii: pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watazamaji wako huru kwenda watakako. Upande wenye watazamaji wengi ndio wenye ushindi. Ndiyo maana wachezaji hubuni mambo mapya kila mara, wengine kwa majembe ya bugobogobo, wengine kwa nyoka, ili wauvute umati kutoka upande wa pili.

Mashindano hayo ndiyo mashindano ya rangi ndani ya pete. Mtambo unapowashwa, kizidishi hutoa nuru hafifu ya rangi nyingi pamoja, na kila rangi hutaka kukua. Zote hula kutoka katika akiba moja ya nguvu, kama vile pande mbili za ngoma zinavyogombea umati mmoja. Swali la utafiti ni hili: je, rangi moja itawachukua watazamaji wote, au rangi mbili na zaidi zaweza kusimama pamoja? Jibu lategemea tabia ya umati, yaani tabia ya kizidishi.

Kizidishi kinachotumika sana katika mawasiliano ni uzi wa kioo uliotiwa madini ya erbiamu, uliopatikana mwaka 1987 kwa kazi zilizofanywa Southampton huko Uingereza na katika maabara za Bell huko Marekani. Katika joto la kawaida umati wa erbiamu ni kama watu wasio na upande: upande mmoja ukizidi uhodari kidogo tu, wote huhamia huko, na uwanja wa pili hubaki mtupu. Kwa sababu hiyo pete ya erbiamu ni taabu kuifanya itoe rangi nyingi kwa pamoja zikatulia. Kipande cha madini kinachotiwa umeme kina tabia nyingine. Umati wake ni kama watu waliokuja na jamaa zao na kuketi karibu nao. Ngoma nzuri huwavuta kwanza walio jirani, na walio mbali huondoka kwa uzito. Hivyo rangi kadhaa zaweza kudumu pamoja, na watafiti wengi wamekichagua kipande hicho kwa ajili ya pete zinazotoa rangi nyingi.

Tofauti ya pili ni ya wepesi. Erbiamu huhifadhi nguvu yake kwa muda wa karibu milisekunde 10. Kipande cha madini huhifadhi yake kwa muda wa nanosekunde 1 hivi au pungufu. Umati wa kwanza hutembea polepole, hata hauhisi mapigo ya haraka ya ngoma. Wa pili huruka kwa kila pigo. Kwa mawasiliano ya mbali upole ni sifa njema, kwa kuwa habari zilizomo katika mapigo ya nuru hupita bila ya kuharibiwa. Ndiyo sababu nyaya za chini ya bahari hutumia erbiamu. Wepesi ni sifa njema kwa kazi nyingine, kama vile kubadili njia ya nuru kwa nuru, na kufanya leza itoe mapigo ya haraka.

Mfano huu una mipaka, na heshima ya msomaji yataka mipaka itajwe. Mtazamaji wa Bujora ana hiari yake; chembe ya madini haina. Tena katika kipande cha madini hakuna ukuta kati ya watu wa upande huu na wa upande ule: rangi bado hunyang'anyana, na mtafiti huhitaji vichujio na uangalifu ili mizani isivunjike. Mfano unaonyesha tofauti ya kadiri, wala haupasi kuchukuliwa kuwa sheria.

Lakini pale mfano wa ngoma unapoachwa na umati, unapokelewa na mwendo wa pigo. Katika uzi wa mita 20 nuru hukamilisha mizunguko kama milioni 10 kwa sekunde. Katika uzi wa kilomita 4 hukamilisha kama 51,000. Mwaka 2006 R. Huber, M. Wojtkowski na J. G. Fujimoto walieleza pete ndefu ya namna hii, yenye kizidishi cha madini, ambayo kichujio chake hakitulii bali hupita rangi zote mbele na nyuma. Walilinganisha mwendo wa kichujio na mzunguko wa nuru, hata kila rangi inaporudi hukuta mlango wake umefunguliwa. Mchezaji anayezunguka uwanja na kurudi mbele ya mpiga ngoma sawasawa na pigo lake anafanya jambo lilo hilo. Leza za aina hiyo hutumika kupiga picha za tabaka za ndani ya jicho bila ya kulikata. Nuru ile ile inayoweza kulidhuru jicho la mwanafunzi asiyeelezwa vyema yaweza, ikipimwa kwa kiasi na kuchaguliwa rangi inayofaa, kumwonyesha daktari ugonjwa ulioko ndani.

Huenda ikasemwa kwamba kazi hii yote ni bure, kwa kuwa watafiti wa leza huandika kwa Kiingereza, na shule za sekondari za Tanzania hufundisha sayansi kwa lugha hiyo. Hoja hii inasahau yanayotokea darasani. Mwalimu husoma maneno ya kitabu kwa Kiingereza. Anapoona nyuso hazikuelewa, hurudi kwenye Kiswahili, na huko Usukumani pengine Kisukuma pia. Dakika hiyo ndiyo dakika ya kufahamu, nayo hupita bila ya kuandikwa wala kuhakikiwa na mtu. Mwalimu akisema kikuza, darasa litafikiri lenzi. Akisema kizidishi, litafikiri hesabu. Akisema mwanga bila ya kuongeza kwamba hauonekani, mtoto mmoja atachungulia.

Kazi ya orodha za istilahi imefanywa kwa bidii tangu miaka ya Kamati, nayo inastahili shukrani. Lakini orodha hupima neno likiwa peke yake, na sayansi haisemwi kwa neno moja moja. Inafaa istilahi zihakikiwe zikiwa ndani ya sentensi, mbele ya msikilizaji asiyejua Kiingereza, na swali la mhakiki liwe: je, ameona kitu chenyewe? Katika habari ya pete ya nuru, maneno yaliyofaulu ni yale yenye kazi yake ya zamani katika maisha ya watu, yaani uzi, mzunguko, kuzidisha, faida na hasara, na mashindano ya uwanja wa Bujora. Yaliyoshindwa ni yale yaliyoletwa kwa haraka ili kuziba pengo katika tafsiri. Mtunga istilahi atakayekwenda Kisesa mwezi wa Juni, akasimama pembeni mwa uwanja akitazama umati unavyohama, atarudi na maarifa ya fizikia ambayo hakuyatazamia.